Ile Ndogo Aliyoitaka Rukaiya

Tegeta, Dar es Salaam
14 Novemba 1999

Mwanangu mpenzi Faraji,

Assalaam alaikum. Pokea salamu za mama yako, zina moto kama mkate wa ufuta unaotoka jikoni, maana najua huko Marekani mkate huo huupati. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimepoa? Sweta unavaa au umeifanya mto? Sie wazima. Mdogo wako Rukaiya mzima, kuku wazima, na nyumba uliyoiacha haina dari sasa ina dari. Mtaa mzima wanaiita nyumba ya Mama Injinia. Mie siwakatazi.

Utaona barua ni nene na herufi zangu kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usishangae, karatasi zipo tele. Nimeianza mara tatu na mara tatu nimeinuka, mara nikaangalie chungu, mara nikafunge mlango ambao umeshafungwa. Roho haikai. Sababu nitakwambia, ila kwanza habari njema.

Mashine ya kusomea vitabu imefika. Posta waliifungua mbele yangu, karani akauliza hii redio au televisheni ya mfukoni? Nikamwambia hiyo ni maktaba, baba, na aliyeituma anaitwa Faraji, nimemzaa mwenyewe. Foleni nzima ikageuka. Na wageuke.

Unakumbuka zile picha mbili ulizokata gazetini, ukataka tumchagulie Rukaiya mashine ya kumsaidia huko chuo cha ualimu? Ile ndogo inafunguka kama pochi, inakula betri za kawaida, na kamusi nzima ya Kiingereza imo ndani. Ile kubwa ina taa yake, inabeba vitabu kumi na herufi zake unazikuza upendavyo, lakini vitabu lazima uvitoe kwenye kompyuta, na sie kompyuta hatuna. Wewe ukaandika kwamba kwa maoni yako ndogo ndiyo inayomfaa mwalimu. Mie sikukubali hivi hivi. Nikazipeleka picha kwa Quresh, yule Mhindi wa Kibohora mwenye duka la redio na saa Magomeni, aliyekuwa fundi wa redio ya marehemu baba yako.

Quresh akavaa miwani, akazitazama, akasema mama chukua ndogo, umeme wenyewe wa Tegeta unakuja kama mgeni, hiyo kubwa utaichaji lini? Nikamwambia lakini kubwa ina herufi kubwa. Akauliza msomaji ana umri gani. Ishirini na moja, nikasema. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akasema mtoto wa ishirini na moja herufi kubwa za nini? Nikakusanya picha zangu nikamwambia yeye auze saa. Nilipokupigia simu nikakwambia Rukaiya ameamua, anataka kubwa. Nawe, mtoto msikivu, ukatuma kubwa.

Basi ilipofika nikawaita majirani waje waone. Nikawapikia na vitumbua. Nikaiwasha, ikatoa mwanga wake, wakapiga vigelegele kama bibi arusi katolewa ndani. Kumbe ndani mna maelekezo ya mashine yenyewe na hadithi moja ya Kiingereza ya watu wanaokunywa chai na kulalamika. Filomena wa nyumba ya pili, unamjua mdomo wake, akasema, Mama Faraji, maktaba yote hii cha Kiswahili kiko wapi? Nikamjibu kinakuja. Akasema kinakuja kwa miguu?

Kesho yake tukaenda Mwenge kwa Bwana Gozbert, mstaafu wa shirika la simu aliyefungua chumba cha kompyuta. Tumekaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mie nakaa, nasimama, nakaa. Alitafuta kwa bidii, maskini. Akasema vitabu vya bure vipo maelfu, vya Wazungu waliokufa zamani, ila vya Kiswahili havioni, inaelekea hakuna aliyeviweka. Rukaiya akasema kama hakuna aliyeviweka tutaweka sie. Tangu siku hiyo kila akitoka chuoni anapitia kwa Bwana Gozbert, na mkobani ana lile daftari la bibi yako, lenye tenzi alizotunga mwenyewe, mbele za arusi, nyuma za msiba, ambalo mie nimekuwa nikiwasomea akina mama shughulini tangu alipotutoka.

Sasa mwanangu nifike. Nimeinuka tena, nimerudi.

Rukaiya hakuitaka kubwa. Alitaka ndogo, kwa ajili ya kamusi. Picha yake hadi leo ameibandika juu ya kitanda chake. Aliyetaka kubwa ni mie, nikakudanganya kwa jina la mtoto, na sababu ni macho yangu. Tangu Ramadhani iliyopita naona moshi. Uso wa mtu nauona, kuku nawaona, herufi zinakimbia.

Nilimficha kila mtu, mpaka arusi ya Bunju mwezi wa sita. Nimekaa kwenye mkeka wa msomaji, bibi arusi mbele yangu, nikafungua daftari. Kumbe nimefungua nyuma. Sikuona kichwa cha utenzi, nikashika neno la kwanza, ulimi ukatangulia akili, na ubeti wote nikautoa moyoni kama ninavyofanyaga:

Nenda mwana kwa salama,
Usigeuke kwa nyuma,

Akina mama wanafuta machozi, wanadhani wanamuaga mwali. Na mie sauti nimeipandisha, nikaendelea:

Mchanga ni nguo njema,
Mola amekuchagua.

Faraji, akina mama wakaacha kufuta machozi wakaanza kutazamana. Bibi wa yule bibi arusi akasimama. Nikajikaza nikasema ndiyo mila ya zamani, mwali hukumbushwa mauti asije akajivuna. Wakaitikia amina, lakini tangu hapo sijaitwa shughuli yoyote. Ndipo ilipokuja barua yako yenye picha, nikaona herufi zinazokuzwa, nikawa kama mwizi.

Wewe sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungeacha shule mwaka wa mwisho ukapanda ndege.

Juzi Bi Raudha wa hapa mtaani akaniita. Binti yake anaolewa Ijumaa hii, anataka nisome. Kwa furaha na hofu nikaitikia ndiyo. Jana jioni Rukaiya akarudi, akaniwekea mashine mapajani, imeshawashwa. Herufi ameshazikuza hadi mwisho, mistari mitano imejaza kioo chote. Ulikuwa utenzi wa bibi yako! Nimeusoma wote bila kukwama. Akasema, mama, humu nimeweka za arusi peke yake, za msiba nimezifanya kitabu cha pembeni, hata ukikosea huzipati.

Nikamwuliza umejua lini. Akasema, Bunju nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nikamwuliza mbona ile ndogo hukuidai? Akasema angeidai kwa nani, na mie mama yake nilikuwa nainuka na kukaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tukacheka, kisha nikalia, akanipangusa kwa kanga yangu.

Ila amenipa sharti. Mashine ni ya Ijumaa. Jumatatu yake anataka niende naye hospitali, kwa daktari aliyekwisha kuniambia mwezi wa tisa kwamba huu ni mtoto wa jicho, unatolewa, nami nikakimbia. Kisu kwenye jicho, mwanangu! Lakini nimemwahidi. Roho bado haikai, na ahadi nimeitoa.

Kwa hiyo nakuomba mawili. Usije, maliza masomo. Na ukijaaliwa mtumie mdogo wako ile ndogo, uandike kwa mkono wako kwamba ni yake, jina lake juu, mama asiiguse.

Rukaiya anakusalimu, Filomena anakusalimu na kuuliza kama huko kuna wanaume wa rika lake. Mungu akulinde na baridi, akurudishe kwetu na cheti mkononi. Ukiniandikia, andika kubwa.

Ni mie mama yako,
Mwanaasha binti Suleiman

Quresh sijamwambia kitu. Siku ukirudi, mwambie wewe herufi kubwa zilikuwa za nani.