Maua Yaliyotupwa Mchana wa Harusi Yangu

Lapa do Sereno,
Juni

Kaka Valdivino mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kubeba saruji umepata nafuu. Huku nyumbani hatujambo. Shangazi Filó anakohoa kila asubuhi na bado hataki kusikia habari ya kuacha tumbaku. Punda wetu amezaa jike. Baridi ya mlimani imeingia, nami nakuandikia nikiwa nimejifunika lile blanketi ulilonitumia Krismasi.

Najua umeshaambiwa. Binamu Tonico alinitangazia mwenyewe kabla ya kupanda basi kurudi huko kwenu: “Nitamweleza Divino kila kitu, dada. Usidhani nitakufichia.” Basi bila shaka amekueleza kwamba nimeiaibisha familia, kwamba nimemkataa mwanamume wa watu mbele ya altare kwa sababu ya nyasi. Nyasi! Kaka, nikilisikia neno hilo tena nitamrushia mtu sufuria.

Sikiliza na upande wangu, kisha uamue.

Ozéias aliponiposa, Dona Hermínia, mama yake, aliniuliza ninataka nini siku ya harusi. Nilimwambia sitaki gauni la kutoka mjini wala keki ya ghorofa. Nataka jambo moja tu: misa iwe saa tatu asubuhi, na kichwani nivae macho. Akaniuliza macho gani. Nikamwambia, macho ya manjano, maua yale tunayoyachuma bondeni na kumletea yeye ghalani kila mwaka. Akacheka mpaka akashika meza. “Binti, unataka kuolewa na fagio kichwani?”

Wewe unanielewa, maana umekua ukiyakanyaga matope yale pamoja nami. Yeye ameyanunua kwetu miaka yote hiyo yakiwa makavu: kijiti kirefu kitupu, na kichwa cha kahawia juu yake chenye magamba yaliyolaliana. Kwake kitu hicho ndicho hicho, mzigo wa kupima na kufunga. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba yakiwa hai ni kitu kingine. Majani yako chini, yamepangana bapa kama upepeo wa mkono, na bua linapanda katikati bila jani wala kifundo, ndiyo maana mtu akiita nyasi mimi hukasirika, nyasi ina vifundo. Halafu umande ukikauka, nyuma ya gamba moja linachungulia ua moja, petali tatu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na katikati nywele za manjano kama ndevu changa. Jua likifika utosini, limeshasinyaa. Ndiyo maana nataka asubuhi, nikamwambia. Maisha yangu yote nimekuwa nikiyauza maua haya yakiwa yamekufa. Siku moja tu nataka kuyavaa yakiwa hai.

Alikubali. Kaka, mwanamke yule alikubali mbele ya padri, mbele ya Shangazi Filó, akaninywesha na kahawa.

Ilipobaki wiki moja, Ozéias akaja akizungusha kofia mkononi. Misa imesogezwa hadi saa kumi alasiri. Kwa nini? Mnunuzi mkubwa wa mama yake kutoka São Paulo atapita siku hiyo, naye hawezi kufika kabla ya hapo. Yaani mtu anayenunua maua yangu yakiwa makavu ndiye ameninyima kuyavaa mabichi! Nilimuuliza Ozéias yeye alisema nini. Akasema, “Unamjua mama.” Ninamjua. Nilikuwa nataka kumjua yeye.

Hata hivyo nilimeza. Shangazi Filó aliniambia nisiwe mbishi, mume mwema haokotwi njiani. Nikajishauri kwamba nitayachuma alfajiri, niyavae tangu asubuhi nikiwa kwenye maandalizi, wanawake wanione hivyo, na jioni niingie kanisani na vichwa vyake vitupu. Nikashuka bondeni, nikarudi nimelowa hadi magotini. Nikasuka taji, nikalivaa uani kwa Dona Hermínia tulipokuwa tukipika. Laiti ungeniona, Divino. Wanawake waliacha vijiko. Hata mpishi aliyeletwa kutoka mjini alisema hajawahi kujua kwamba vijiti vile vina uso.

Mchana maua yakasinyaa, kama nilivyosema. Nikalilaza taji kwenye beseni la maji kivulini na kwenda kuoga. Niliporudi, beseni lilikuwa limejaa vitambaa vya meza vinavyofuliwa. Nikauliza taji langu liko wapi. Dona Hermínia akajibu bila hata kugeuka, “Yale yaliyokufa? Nimewapa nguruwe. Maua yaliyokufa kwa bibi harusi ni mkosi.” Nikamwambia hayajafa! Kila kichwa kina machipukizi mengine chini ya magamba, yakikaa majini kesho yanafunguka tena! Akanivisha taji la kitambaa kutoka dukani kwake, lina vumbi, akanipapasa shavu. “Haya basi, kesho utakuwa mke wa mtu, utakuwa na mambo ya maana ya kuwaza.”

Na Ozéias alikuwa pale. Ameegemea mlango, anakula kimkate cha jibini. Wapishi walininong’oneza kwamba alimwona akitupa, na kimkate akakimaliza.

Tonico amekwambia yaliyotokea kanisani, lakini wacha niyaseme kwa mdomo wangu. Padri alipouliza kama ninakubali, nilimgeukia Ozéias.

“Ulimwona mama yako akitupa taji langu?”

“Nilimwona.”

“Ukamwambia nini?”

Akatazama viatu vyake. Viatu vipya, vinang’aa.

“Basi bado,” nikamwambia padri.

“Bado nini, binti yangu?”

“Bado sijakubali.”

Nikatoka. Nje ukawa mkutano wa hadhara. Dona Hermínia alipiga kelele kwamba mtoto wa wachuma majani amemvua nguo mbele ya mgeni wake. Tonico akanikamata mkono anirudishe ndani kama mbuzi aliyekata kamba. Jambo hilo nadhani amesahau kukwambia. Ndipo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa amesimama nyuma kanisani peke yake, akaja akasema, “Mwache mkono.” Tonico akamuuliza, “Wewe nani wa kusema hapa?” Mzee akajibu, “Mimi si mtu. Mwache mkono tu. Akisema bado, ni bado.” Tonico akaniachia.

Nikapanda mlimani na wachumaji, kwenye lile pango tunamopiga kambi kila msimu. Huko nilichuma kwa hasira mpaka vidole vikapasuka. Siku zikapita, Ozéias akatokea njiani, viatu vile vipya vikiwa matope matupu.

“Deolinda, mimi ni mjinga,” akasema.

“Hilo ninalijua. Sema lingine.”

“Nimetoka kwa mama. Na ghala pia nimeliacha. Nimemwambia alikosea, kisha nikamwambia mimi nilikosea zaidi.”

“Mwenyewe ulimwambia, au ulimtuma mtu?”

“Mwenyewe. Amenirushia mizani.”

Alikuwa na jeraha hapa juu ya nyusi. Sikucheka mbele yake. Nilimpa kazi ya kubeba mizigo, akaumwa na kila mdudu wa bonde lile, na hakulalamika. Jioni alikaa na Shangazi Filó akimsaidia kufunga mafungu, na shangazi, aliyekuja kuniambia nirudi kijijini nikaombe radhi, akaanza kumwita mwanangu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inanilemea.

Nimeolewa, kaka. Jumamosi iliyopita, asubuhi, kwenye kikanisa cha mlimani, macho ya manjano yakiwa wazi kichwani. Sikukuita. Uliniambia tangu Mama azikwe kwamba wewe ndiye utakayenishika mkono siku hiyo, nami nilikuwa nikiingoja. Sikukuita kwa sababu mtu mwingine alinishika mkono, na ungekuja usingekubali asimame pale.

Yule mzee wa kanisani ni Baba. Tonico hakumtambua. Mimi nilimtambua kwa sauti, kabla sijamtazama.

Alikuja kambini baada ya siku ile, akakaa mbali kidogo na moto, hakuomba kitu. Usidhani nilimkimbilia. Nilimfokea mbele ya wachumaji wote. Nilimuuliza alikuwa wapi Mama alipokuwa akimwita kila jioni, almasi gani huko machimboni ilikuwa na thamani kuliko mwanamke yule. Alisema hakupata almasi yoyote. Alisema alipata habari za ugonjwa wa Mama, akafika hadi mtoni, akaogopa kutuona, akageuka. Nikamwambia hilo ni baya kuliko kutokuja kabisa. Akasema ndiyo.

Sijamsamehe, Divino. Nilimpa kahawa tu. Kesho yake akarudi tena, nikampa tena kahawa. Asubuhi ya harusi alikuwa amesimama nje ya kikanisa na shati lililofuliwa, nami nikaona mkono wangu uko mtupu na wewe uko mbali, nikauweka kwenye wake. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ni haki yako, na Mama alikufa mikononi mwako, si mwangu. Lakini usinikasirikie kupitia kwa Tonico. Njoo unikasirikie hapa, nyumbani, mbele yangu.

Ozéias anakusalimu na anasema shemeji ampige kwanza, halafu ampe mkono. Shangazi Filó anakuombea kila siku na anauliza kama huko kuna tumbaku nzuri. Baba amenikataza kabisa nisikupe salamu zake. Anasema hana haki ya kukusalimu. Nawe unanijua, sijawahi kumtii mtu. Pokea salamu za Baba.

Mimi dada yako akupendaye,
Deolinda