Kurasa Zisizo na Tarehe

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo huko? Mimi mzima, ila magoti yanadai kilima kimeongezeka urefu. Miaka minne hujaniandikia wala sijakuandikia, na nisingeanza mimi kama si kompyuta yako.

Juzi mchana radi ilipiga, umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha mashine ya kituo chetu cha hali ya hewa, ikanijazia kioo maneno meupe na maswali: nitengeneze hiki? Ndiyo au hapana? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bibi harusi aliyechoka kusimama. Ilipofunguka, folda ya Baba ya mwaka mzima haikuwepo. Ni ya mwaka wa kwanza wa mashine, kuanzia wiki uliyoondoka wewe.

Unamjua Baba. Miaka thelathini na moja ya kupima mvua na mawingu, hakuruka hata siku moja, na tangu ulipomwekea mashine akaacha karatasi kabisa. Nakala nyingine sina. Tangu tumzike, na wewe hukuja, mimi ndiye ninayepima. Asubuhi nyingine husoma kwanza alichoandika yeye, nikajisikia nina mwenzangu humu ndani. Nisaidie nisimpoteze mara ya pili.

Simu hapa hushika ukisimama juu ya tangi la maji, na mimi sipandi tena. Kwa hiyo andika.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Nilifurahia mwandiko wako kabla sijajua unasema nini. Mimi mzima. Natunza mashine za hospitali, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Zinavuma kutwa nzima hadi mtu unasinzia umesimama. Jioni nikitoka nakuta barabara imelowa, ndipo najua mvua ilinyesha.

Kosa ni langu, si la radi. Nilipoweka Linux, programu kuu ya kuiendesha mashine ile, nilitumia diski ya zamani, na mfumo wake wa kupanga faili, uitwao ext2, hauna jarida. Jarida ni daftari dogo la mashine yenyewe: kabla haijagusa kitu, huandika kwanza inataka kufanya nini. Umeme ukikatika katikati, ikiamka husoma daftari, ikamalizia kazi au ikaiacha. Isiyo nalo huamka ikipapasa. Umeme wa kilimani niliujua vizuri, lakini kutafuta diski mpya kungenichelewesha siku moja, na begi lilikuwa tayari mlangoni.

Sasa fanya hivi, polepole. Ingia kama mkuu wa mashine. Neno la siri nililibandika chini ya droo. Kuna folda inaitwa lost+found. Humo mashine huweka faili yatima ilizookota. Nakili zote kwenye flashi kabla ya lolote. Kisha andika amri hii ya kuongeza jarida:

tune2fs -j /dev/sda1

Hiyo sda1 ndiyo sehemu ya mzizi, iliyobeba mfumo wote, na kazi ya Baba pia, maana nilitengeneza sehemu moja tu. Halafu fungua faili /etc/fstab, tafuta mstari wenye mkwaju mmoja, alama hii /, uliosimama peke yake, na palipoandikwa ext2 weka ext3, yaani mfumo uleule wenye jarida. Hifadhi, zima vizuri, washa tena.

Jarida halirudishi kilichopotea, Dada. Linalinda kuanzia hapo kwenda mbele. Lakini ukiwakuta hao yatima, nitafutie ukurasa wa siku niliyoondoka.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Haraka haraka haina baraka, nilikuimbia tangu hujaota meno. Haya, tuliache hilo.

Nimefanya yote, roho mkononi. Nilipofungua orodha ya mzizi pamoja na vilivyofichwa, nikakuta faili ngeni, .journal, ambayo sikuiweka mimi. Nikadhani uchafu, nikataka kuifagia. Mashine ikakataa katakata. Nikakumbuka neno lako la jarida, nikaiomba radhi kwa sauti. Jumanne umeme ulikatika mara tatu. Mara zote iliamka bila swali hata moja, na chai yangu haijapoa.

Yatima wako ni mia tatu hamsini na nane. Saba hawakuonekana. Hawana majina, wana namba tu, na Baba alikuwa anaweka tarehe kwenye jina la faili, ndani haandiki. Kwa hiyo nasoma kumi kila siku baada ya kipimo cha saa tisa, dirisha likiwa wazi. "Anga imefunikwa sehemu tano kati ya nane. Mawingu mepesi, yanaelekea bondeni bila haraka." "Ukungu mpaka saa nne. Binti anafua, anaimba." Sikujua alikuwa ananisikia. Siku hazina mpangilio; mvua inanyesha, linakuja jua la mwezi mwingine, kisha mvua ileile inaendelea. Juzi nilitoka na mwavuli, watu wakanicheka. Kumbe mvua ilikuwa ya Baba.

Ukurasa ule unautakia nini? Sema tu. Mimi si mgeni.

Dada yako

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje?

Baba alitaka nirithi kituo. Asubuhi ile nilimwambia mawingu hayajazi chungu. Akavaa miwani, akaenda kwenye kipimamvua, nami nikashuka kilima. Alipofariki sikuzuiwa na kazi kama nilivyotuma kusema. Niliona aibu.

Ukurasa ule nauota. Nauona umeandikwa wote vizuri, mvua, joto, upepo, mawingu, kama siku nyingine yoyote. Kama vile nilitoka na hakuna kilichopungua. Hicho ndicho ninachokiogopa, kuliko hata angenilaani. Ukiukuta uko hivyo, nitumie hivyo hivyo. Bora nijue.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananisumbua, lakini yamezoea. Nisamehe kimya cha miezi miwili.

Nilimaliza kurasa zote, sikuuona. Nikasema basi, uko kwenye zile saba, nikashindwa kukuandikia. Nililia, sikufichi. Kumbe niliupita wiki ya kwanza. Nilidhani radi imeula nusu, nikauweka kando na vilivyoharibika. Jana nilirudi kuufuta, nikasoma mpaka chini. Radi haikuugusa. Baba aliuandika hivyo mwenyewe, na katika miaka yote hakuna mwingine kama huo. Nimeunakili kama ulivyo:

Saa tatu asubuhi. Mvua: hakuna. Joto: kumi na tisa. Upepo: mdogo, wa mashariki. Mawingu:

Saa tisa alasiri. Mvua: hakuna. Joto: ishirini na nne. Upepo: hakuna. Mawingu:

Maelezo: Leo sikutazama juu. Nimeshinda natazama njia.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Dada yako