Baba Mbele ya Tingatinga

Tunduma

Kwako kaka Lusajo,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini huko Mtwara wewe, wifi na watoto mu wazima. Sisi hatujambo, ila mama kikohozi cha baridi hii hakijamwacha.

Uliniuliza kama ni kweli baba aliwekwa ndani. Ni kweli, lakini walimwachia jioni ileile. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Unajua baba alivyo. Alirudi kutoka Vita vya Kagera na kipande cha chuma pajani, akaja kuwa diwani vipindi vitatu, na mpaka leo anaendesha kata kama kambi. Ilipotangazwa kwamba vibanda vya kando ya barabara ya mpakani vitaondolewa, nilimsihi aombe eneo lingine na muda wa kuhama. Akanijibu kwamba askari hajadili kurudi nyuma. Akawaambia wafanyabiashara wasiguse kitu. Tingatinga litapita juu yake kwanza.

Wakamwamini. Siku ilipofika baba alilala barabarani kweli, nishani kifuani. Kaka, polisi walimbeba kama gunia la mahindi, kazi ikaendelea. Watu walikanyagana wakiokoa mali. Zahoro, yule muuza mablanketi aliyetuazima maturubai kwenye msiba wa bibi, hakuokoa hata moja.

Baba alipoachiwa alikwenda kwa Zahoro akidhani atapongezwa. Nilikuwepo. Zahoro alimpa shikamoo yake, kisha akamwambia, "Mzee wangu, sikuhitaji mtu wa kunifia. Nilihitaji wiki moja ya kuhamisha vitu." Njiani baba akaniambia raia hawajui vita. Nilitamani kupiga kelele.

Sasa nikuambie neno zito. Kina mama wa sokoni walinifuata, nami nimechukua fomu ya udiwani. Nitashindana na baba kwenye kura za maoni. Nilimweleza mwenyewe jana tukila, kabla hajasikia mtaani. Alimaliza ugali wake, akanawa, akasema nisitegemee huruma yake. Leo asubuhi ameshatoka kuomba kura.

Akikupigia uje kumnadi, usije. Hata mimi nikikuomba, usije. Njoo kwa ajili ya mama, anayetupikia sote wawili chungu kimoja na hataki kusema atampigia nani.

Wifi mwambie namkumbuka. Wabusu watoto, na Mungu awafunike.

Mdogo wako,
Gwantwa