Nyota Katika Daftari la Mzee Ngui

Kamene uko? Nimefanya kitu mbaya na siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unakumbuka ile karatasi nilibandika kwa ubao wa matangazo hapa chuoni, Aprili mosi? Eti semikoloni, ile alama ya kumaliza mstari wa programu, zimefutwa, kuanzia Jumatatu kila mstari uishe na nyota. Nikaipiga na muhuri wa ofisi. Mzaha tu wa Siku ya Wajinga. Wanafunzi wangu wote walicheka.

Mzee Ngui, soja wetu wa getini, hakucheka. Kumbe miezi hii yote amekuwa akifuata masomo yangu akiwa dirishani, anaandika kwa daftari. Alifuta semikoloni zake zote na raba, akachora nyota. Daftari nzima, Kamene. Nzima.

Leo nimemkaribisha kwa kompyuta, mara yake ya kwanza. Akachapa na kidole kimoja, polepole. Skrini ikajaa makosa, kila mstari. Akanigeukia, akasema, "Pole madam. Nafikiri nimeharibu mashine."

Na mimi nikamjibu nini? Nikasema ni stima inasumbua. Stima, Kamene.

Hakuamini. Saa hii amevaa miwani, amesimama pale kwa ubao, anasoma karatasi yangu tena. Anatafuta mahali alikosea.