Mto wa Maua ya Matete

Tarehe 4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo yako. Barua yako ya mwisho haikuwa na tarehe, nami sikukulea hivyo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Natumaini wewe, mkwe wangu na mjukuu wangu Chiriku hamjambo.

Shamba limepandwa. Kampuni imelikodi kwa miaka mingi kuliko niliyobakiza mimi. Hawapandi chakula, maana kile kiwanda cha kuyeyusha betri kilituachia sumu ya risasi ardhini na hakuna awezaye kula hata mchicha wa hapa. Wanapanda matete. Yakikauka yatakatwa, yatashindiliwa yawe vitofali, kisha yachomwe kwenye matanuri badala ya kuni. Msimamizi ni mwanamke wa makamo mwenye buti zinazofika magotini. Nilimwita Bibi Shamba, naye akajibu, "Na wewe nitakuita Mwalimu, maana tangu nifike unanisahihisha tu." Nikamwambia nimestaafu. Akasema haionekani.

Jirani wa mwisho amehama. Nikipiga chafya, hakuna wa kunitakia afya.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ardhi ikishafunikwa, vumbi halitapeperuka. Sakafu nimeitia saruji. Viatu vya shambani havivuki kizingiti. Mlete Chiriku likizo ijayo. Nyumba hii haijasikia maneno tangu mlipoondoka naye.

Baba yako


Tarehe 20 Machi

Shikamoo Baba,

Tarehe umeiona. Sisi ni wazima. Mimi bado nipo chumba cha kufulia hospitalini, na mikono yangu imekuwa kama ya kobe. Pole kwa goti. Lifunge kitambaa cha moto, wala usijifanye kijana.

Damu ya Chiriku imepimwa tena. Risasi inashuka, lakini polepole mno. Daktari amekataza asirudi huko. Nilimwuliza, "Hata siku mbili, amwone babu yake?" Akanisogezea karatasi ya kipimo, nikaona haya. Shuleni mwalimu wake analalamika kwamba herufi alizozijua jana, leo amezisahau, na kwamba anakaa kimya. Chiriku, kimya! Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni.

Njoo wewe, Baba. Chumba cha cherehani kinatosha kitanda. Mkwe wako ameapa kukuachia kiti chake cha dirishani, na unajua anavyokionea wivu kiti kile. Mama hatakasirika ukiliacha kaburi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka kuhama.

Mwanao


Tarehe 11 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, natumaini nanyi pia. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira asishike kalamu.

Matete yamepita paa. Barabara siioni tena. Mgeni nitamjua akishafika mlangoni, ingawa hakuna ajaye. Upepo ukivuma yanasemezana, nami zaidi ya mara moja nimetoka nje kuitikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga. Kaburi la mama yako wameliachia njia ya kupita mtu mmoja.

Nilimwuliza Bibi Shamba kama matete yanaimaliza sumu. Akasema, "Mwalimu, hili ni shuka tu. Linafunika. Sumu nyingi inabaki chini, kwenye mizizi. Juu inapanda kidogo sana."

"Ardhi itapona lini?"

"Mimi sitaiona ikipona. Wewe ndiyo usiulize."

"Basi mbuzi wangu ale yaliyo juu."

"Mbuzi wako asile hata jani moja!"

Mbuzi nimempeleka kwa watu wa mbali. Sasa sina hata wa kumkaripia.

Ninyi hamji, nami siwezi kumwacha mama yako peke yake katikati ya matete. Kwa hiyo nimemshonea Chiriku mto wa kulalia. Maua ya matete ni meupe, na ni laini kuliko pamba. Nimechuma ya kileleni, mbali kabisa na mizizi, nikayaanika uani hadi yakakauka vizuri, kisha nikayashona ndani ya kitambaa cha gauni la mama yako. Dereva wa lori la kampuni atauleta. Mwambie akilaza kichwa atalisikia shamba la babu likinong'ona.

Baba yako


Tarehe 2 Septemba

Binti yangu,

Salamu baadaye. Kama mto umefika, mwondolee Chiriku sasa hivi. Usiufumue, wala usiuchome, kwa kuwa moshi wake nao ni mbaya. Ufunge kwenye plastiki.

Bibi Shamba alikuja asubuhi, akaona manyoya meupe ya matete yamebaki uani. Akauliza, "Hapa ulianika nini, Mwalimu?" Nikamweleza kwa majivuno. Akauliza, "Chini ulitandika nini?"

Sikutandika kitu. Uani hapajapandwa matete. Ndipo lilipotua vumbi la kiwanda miaka yote ile.

Hakunisema. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia. Nimewachapa watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hili.

Baba yako


Tarehe 25 Septemba

Shikamoo Baba,

Barua yako imefika, lakini mto uliitangulia. Chiriku ameulalia tangu siku ulipofika. Hata kwenye chai alikuja nao mezani. Kipimo cha mwisho kikapanda badala ya kushuka, na daktari akaniuliza mtoto nilimpeleka wapi. Niliapa mbele ya watu kwamba hajatoka. Barua yako ndiyo iliyonifumbua macho.

Niliuchukua akiwa shuleni. Hospitalini waliupokea kwa glavu. Chiriku amelia hadi akatapika. Anasema nimemwibia babu yake.

Sitakudanganya kwamba sikulaumu. Nakulaumu. Najua pia kwamba ungelitoa jicho lako kabla ya kumdhuru. Yote mawili ni kweli, na sijui nilale nayo vipi.

Usitume tena kitu chochote. Hata barua zako sasa ninazisomea nje, nimesimama karibu na bomba, kisha nanawa.

Ila mlango haujafungwa. Njoo, lakini njoo mikono mitupu. Nguo, viatu, vitabu, picha ya Mama, vyote viache huko. Nimemtumia Bibi Shamba nguo na viatu vipya. Oga kwake mjini, uvae, upande basi.

Mwanao


Tarehe 18 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni lilelile.

Nilikuja.

Niliagana na mama yako alfajiri. Nilioga kwa Bibi Shamba, nikavaa shati ulilotuma, ambalo mikono yake ni mirefu, na viatu vinavyolia kama vifaranga. Basi liliwahi kufika, nikaona nipitie kwanza shuleni kwa Chiriku. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Wakatoka. Alikuwa na mwenzake mwenye mkoba mwekundu, naye alikuwa akisema, binti yangu, akisema bila kumeza mate, na yule mwenzake anangoja zamu yake isiyokuja. Kwa kelele za magari sikusikia hata neno moja. Lakini nilimwona akisema.

Niliinua mkono nimwite. Mkono ulioinuka ulikuwa na fimbo yangu ya kutembelea.

Ni ileile ninayoichomeka katika udongo ule kila siku. Hukuitaja, nami siihesabu kuwa kitu. Ni mguu wangu. Ningeitupa mtaroni, ila mtaro ule watoto wanaurukaruka. Nikajiuliza: kama nimeisahau fimbo, nimesahau nini kingine? Walikuwa wanavuka kuja upande wangu. Niligeuka nikaondoka, fimbo nimeibana kwapani isiguse barabara yenu.

Usije kunichukua. Nitakuja siku nitakayojiamini.

Matete yamekatwa, malori yameyabeba. Sasa naiona barabara yote hadi kwenye kona, na haina mtu. Bibi Shamba anasema mizizi itachipua yenyewe.

Barua hii naiandikia ofisini kwake, kwa karatasi yake na kalamu yake. Mikono nimeiosha hadi akaionea huruma sabuni yake. Isome ndani, umeketi. Ukimaliza, mpe Chiriku aishike.

Babu yake