Mahadhi ya Baba

Mamba Miamba, Same
Jumatano

Kaka Sadock,

Shikamoo. Natumaini wewe na Ziwa Jipe lako hamjambo, na perege wanaingia nyavuni. Huku tu wazima, tangawizi imestawi, mbuzi wako amezaa mapacha, nami bado sijaolewa, kabla hujauliza. Barua nimempa muuza samaki kwa sababu simu yako kila nikipiga haipatikani.

Mama anaendelea. Maneno hayajarudi tangu apatwe na kiharusi, lakini mkono wa kushoto una nguvu. Wiki iliyopita ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilijaa tope, maji hayashuki mashambani, pembe ikapigwa, tukaenda msaragambo, kijiji kizima kuzoa tope. Mama tulimbeba na kiti chake, tukamweka ukingoni, pale aliposimama miaka yote akiimbisha wanawake. Majembe yalipoanza, naye akaanza kugonga mkono wa kiti. Watu wakafurahi, Mchungaji akasema Mungu ni mkubwa.

Tangu hapo akawa anagonga kutwa. Nikadhani anataka wimbo, nikamwimbia ule wetu wa kubeba tope. Akaacha kugonga, akageukia ukutani. Jioni akakataa uji, na kesho yake vivyo hivyo.

Shangazi Esta ndiye aliyenifumbua macho. Alisema nimechanganya mapigo na mahadhi, tena mimi niliyekulia kwenye kwaya. Mapigo ni ya jembe, ni ya wote, hata kinanda cha vijana kinayatoa. Mahadhi ni ile sauti yenyewe inavyopanda na kushuka, na pale ndivani yapo mawili juu ya mapigo yale yale: ya wanawake, na yale mazito ya wanaume aliyokuwa akiyaanzisha Baba. Mama hakuwahi kufungua kinywa mpaka amsikie Baba. Kumbe siku zote hizi anampigia Baba mapigo ili aanze.

Hapo nililia, sikufichi. Wanaume wengine wamejaribu mahadhi yale wakaishia kukohoa. Wewe ndiye uliyeachiwa. Nilimwekea Mama kwenye simu yale uliyoimba kwenye mazishi ya Baba. Akanyanyua kichwa, akatazama mlango. Simu hakuiangalia kabisa.

Najua uliapa kwamba nyumba isiyo na Baba huiwezi. Hata mimi siiwezi, ila ndimo ninamolala. Nimekukumbuka mpaka nakasirika, kaka, na jioni nikisikia mtu anapanda njiani hujikuta nimesimama.

Sasa nikwambie nililofanya, utanigombeza ukifika. Jana nilimwambia Mama kwamba unakuja Jumamosi. Uongo mtupu, sina hata neno lako moja. Akanywa uji wote, akanionyesha kwa mkono nigeuze kiti kitazame njia. Na tangu hapo hagongi tena. Ametulia, anajua ameshasikika.

Wasalimie wenzako wa mtumbwini. Mama naye anakusalimu, kwa namna hiyo niliyokueleza.

Mdogo wako,
Ernesta