Mafuta ya Mchaichai ya Mama

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo hapa Tunduma. Babu yako yuko Itaka kwenye kahawa yake, nami nimepanga kukonda tangu Pasaka, ila ugali umenikatalia.

Unauliza kwa nini mafuta ya mkaratusi yamekuunguza kichwa. Umeyapaka bila kuyachanganya, wewe mwenye haraka kama bodaboda wa Mkwajuni! Ni makali hayo. Tia matone machache tu kwenye mafuta ya alizeti. Mama yangu alichanganya hivyo ya mchaichai, akitupaka nywele mimi na mdogo wangu Eliza.

Alipofariki, hatukupakwa mafuta mpaka tulipoanua matanga, ndiyo desturi yetu. Siku hiyo shangazi akaja na ya mkaratusi. Eliza akafunika kichwa kwa mikono.

"Usinipake, shangazi! Utamtoa mama."

Shangazi akainama, akamnusa nywele; bado zilinukia mchaichai. Akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi na mafuta ya mchaichai, akayachanganya, akampaka. Eliza akagusa nywele, akanusa viganja.

"Harufu ndiyo hiyohiyo," akasema. "Lakini mikono siyo yake."

"Siyo, mwanangu," shangazi akajibu, akaanza kumsuka.

Ukichanganya yako, mpake mdogo wako wewe mwenyewe.

Ni mimi, bibi yako.